Hiace au Caravan: uchague ipi kwa abiria na mizigo Arusha na Moshi

Toyota Hiace iliyoanza kutengenezwa 2004, bodi ya H200, na Nissan Caravan ya 2012, bodi ya E26, ambayo kwa miaka mingi iliuzwa Japani kwa jina la NV350, ndizo zinazowagawa wengi wanaoagiza gari la abiria au la mizigo. Ziegeshe ubavu kwa ubavu, utaona zimefanana karibu kila kitu. Injini iko chini ya viti vya mbele. Mlango wa ubavuni ni wa kuvuta na wa nyuma unainuka juu mzimamzima. Zinasukumwa na tairi za nyuma, isipokuwa zile za foo wili. Springi za mbele ni toshenibaa, fito za chuma zinazojipinda, na za nyuma ni za mabamba kama za pikapu.

Kwa hiyo ubishi wa Toyota na Nissan huwa unaanza mapema mno. Kazi ndiyo ikuchagulie bodi, njia utakayopita ikuchagulie injini, halafu jina la kampuni liingie mwisho, kwenye habari ya spea na bei ya kuuzia. Ukikuta Regius Ace, usiipite: ni Hiace ileile, Toyota iliiuza Japani kupitia maduka yake mengine, na spea zinaingiliana.

Bodi

Vipimo vya nje kwa milimita:

| | Hiace nyembamba | Hiace ndefu pana | Caravan nyembamba | Caravan ndefu pana |
|---|---|---|---|---|
| Urefu | 4,695 | 5,380 | 4,695 | 5,230 |
| Upana | 1,695 | 1,880 | 1,695 | 1,880 |
| Kimo | 1,980 | 2,285 | 1,990 | 2,285 |
| Ekseli hadi ekseli | 2,570 | 3,110 | 2,555 | 2,940 |

Katikati ipo Hiace pana ya urefu wa 4,840, paa la wastani la 2,105, ambayo mara nyingi huja kama GL ya viti 10.

Ule upana wa 1,695 umetokana na sheria ya Japani. Gari lisilozidi urefu wa mita 4.7, upana wa 1.7 na kimo cha 2.0 huko linasajiliwa daraja la magari madogo, na gharama zake ni nafuu. Ndiyo maana bodi nyembamba zimejaa minadani Japani na ndiyo maana vifodi, daladala ndogo, vingi vya huku ni vyembamba. Sheria hiyo haimsaidii abiria wa Ngaramtoni hata kidogo. Ndani, ukuta kwa ukuta, bodi nyembamba ina kama mita 1.5. Kaa watu wanne mstari mmoja, kila mmoja anapata sentimita 38, wakati mabega ya mtu mzima ni sentimita 45 hivi. Bodi pana ina takribani mita 1.73 ndani, na wanne hao wanapata sentimita 43 kila mmoja. Tofauti hiyo huwezi kuiona kwenye picha ya tangazo, ila abiria wa Arusha hadi Moshi ataijua kabla hajafika Usa River.

Kwa mizigo hesabu inabadilika. Hiace nyembamba ya DX, toleo la kazi, ukikunja au ukitoa viti vya nyuma, ina sakafu ya mita 3 hivi. Caravan nyembamba ya mizigo ina mita 3.05 ndani ya urefu uleule wa nje. Sentimita tano ni kitu kidogo, lakini kwa anayebeba mabomba au mbao za futi 10, ambazo ni mita 3.05, ndizo zinazoamua kama mlango wa nyuma utafungwa au utafungwa kamba. Hiace ndefu ya mizigo inafika mita 3.5. Kabla ya kuamini tarakimu yoyote, chukua mkanda upime nafasi kati ya matuta ya tairi za nyuma, maana hapo ndipo jipsamu bodi na plaiwudi za futi 4 kwa 8 zinapokwamia, wala si ukutani.

Angalia pia daraja la gari, kwa sababu bodi moja inauzwa ikiwa na matumbo tofauti kabisa. DX ni ya kazi: kuta za bati, viti vya mpira, kila kitu cha kufutika kwa maji. Super GL ina viti vitano, kapeti na urembo, na sehemu ya mizigo ni fupi kwa sababu kiti cha mstari wa pili kimekaa nyuma zaidi. Watu wanalipia urembo huo kisha wanang'oa kapeti ili wabebe nyanya za Tengeru. Hiyo ni pesa iliyotupwa. Commuter ndiyo basi dogo halisi: bodi ndefu, paa la juu, viti 14 vya kiwandani, mikanda, na kipoza hewa cha nyuma.

Hapa pana jambo ambalo lisichukuliwe kwa wepesi. Kununua DX ya bei nafuu na kuifunga viti vya abiria ni kazi ya kawaida huku, na inaweza kufanywa vizuri au vibaya. Sakafu ya DX ni bati jembamba. Kiti kilichochomelewa kwenye bati hilo, au kilichofungwa boliti fupi na washa ndogo, kikipata breki kali kikiwa na watu wanne kinang'oka na bati lake. Boliti zipite hadi kwenye mihimili ya chini, na pale ambapo hapana mhimili, liwekwe bamba la chuma chini ya sakafu ili mzigo usambae. Fundi asiguse drili kabla hajalala chini ya gari na kuona njia ya bomba la breki, la mafuta na la kipoza hewa. Yote yanapita chini ya sakafu hiyohiyo. Na kabla ya yote, uliza ofisi ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, njia unayotaka inakubali gari la viti vingapi, maana leseni ya abiria haifuati idadi ya viti ulivyofanikiwa kuchomelea.

Uzito, kwa kalamu

Gari jembamba la mizigo la aina hii limeidhinishwa kubeba kati ya kilo 1,000 na 1,250, kutegemea toleo. Abiria 14 wa kilo 65 ni kilo 910. Weka dereva na konda, 1,040. Jaza wanne zaidi wa kubanana, 1,300, na bado hatujahesabu ndizi za mama wa Kibosho wala begi lolote. Kwa hiyo gari jembamba lenye abiria 18 limezidishwa uzito hata likiwa halijabeba kifurushi.

Uzito huo unaishia kwenye tairi, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kutafuta unafuu. Saizi ya kiwandani kwa Hiace na Caravan za mizigo ni 195/80R15, na ubavuni lazima usome 107/105 pamoja na herufi LT au C. Namba 107 maana yake tairi moja inahimili kilo 975. Nne ni 3,900. Dukani utapewa tairi ya gari dogo inayoingia rimu hiyohiyo, ina 94 ubavuni, ni nafuu na ni laini. Namba 94 ni kilo 670, nne ni 2,680, wakati gari lako likiwa limejaa linakaribia tani tatu au kupita. Tairi hiyo haipasuki siku ya kwanza. Inachemka kidogokidogo, kuta zinaachana kwa ndani, kisha inapasuka kwenye lami ya moto kati ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na Boma Ng'ombe. Upepo nao usikisie: kibandiko kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na tairi za nyuma za gari la mzigo hutakiwa upepo mwingi kuliko za mbele.

Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inataka gari lenye uzito wa jumla wa kilo 3,500 na zaidi lipite mizani. Hiace na Caravan nyingi ziko chini ya hapo kwenye karatasi. Zikijazwa kienyeji, karatasi haisaidii.

Keria juu ya paa ni ya mablanketi, mahema na mifuko ya kulalia. Mitungi ya gesi, unga na viazi vya kambi vikae sakafuni kati ya ekseli mbili, hasa kwa bodi ya paa la juu, ambayo upana wake ni mita 1.88 na kimo chake mita 2.28, yaani kimo kimeshinda upana, na mzigo wa juu unaliyumbisha gari.

Injini: njia ndiyo iseme

Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Hiace ya petroli ya lita 2.0 iliyoandikiwa nguvu ya farasi 136 huku inafanya kazi kama ina 117. Dizeli yenye tabo inasukumiwa hewa, kwa hiyo haiumii sana. Kutoka Moshi mjini, mita 800 na kidogo, hadi lango la Marangu lililo juu ya mita 1,800, gari linapanda zaidi ya mita 1,000 kwa mwendo wa kilomita 40 hivi. Huko tofauti inasikika kwenye gia.

Upande wa Hiace kuna petroli 2.0 (1TR, mabanoni ni jina la injini), nguvu ya kuvuta nyutoni-mita 182, na 2.7 (2TR), 241 hadi 243. Dizeli ni 2.5 (2KD), 260, 3.0 (1KD), 300, na 2.8 (1GD) iliyoanza mwishoni mwa 2017, nayo 300. Caravan ina petroli 2.0 (QR20), 178, na 2.5 (QR25), 213. Dizeli yake, kwa zile za kabla ya 2022, ni 2.5 (YD25), 356. Kwenye karatasi dizeli ya Nissan inazishinda zote kwa kuvuta, na hata barabarani ikiwa nzima inapanda mlima bila kelele nyingi.

Kusoma injini kwenye namba ya chesisi ni rahisi. TRH ni petroli, KDH ni dizeli za 2.5 na 3.0, GDH ni dizeli mpya ya 2.8. KDH200 ni nyembamba ya 2.5, KDH201 ni nyembamba ya 3.0, KDH206 ni hiyo ya 3.0 ikiwa foo wili, KDH223 ni Commuter ndefu ya 3.0, TRH223 ni Commuter ya petroli 2.7. Kwa Caravan tazama herufi ya pili: VR2E26 ni petroli 2.0, VW2E26 ni dizeli.

Sasa kila moja inaugua nini.

Hiace ya 3.0, 1KD, ndiyo inayopendwa na ndiyo inayofilisi asiyeijua. Chini ya kila injekta kuna washa ya shaba inayoziba moshi usipande. Washa ikichoka, moshi wa silinda unapenya hadi chini ya kava ya valvu, unaikaanga oili, na masizi magumu yanashuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Huko yanaziba chujio la kunyonyea oili. Injini inakosa oili ikiwa na oili: kijiti kinaonyesha imejaa, ila beringi zinakauka. Dalili za mapema zipo. Asubuhi inagonga kama nyundo kwa dakika moja mbili kisha inatulia, ndani kunanuka moshi, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, hewa inapuliza kwa nguvu. Ukinunua iliyotembea zaidi ya kilomita 100,000 na hujui historia yake, badilisha washa hizo na ushushe sampu usafishe chujio. Kazi hiyo ni ya siku moja gereji. Kupandisha injini upya ni ya wiki, na wiki hiyo gari haliingizi kitu.

1KD na 2KD pia zinatumia mkanda wa taimingi. Taa yake ikiwaka kwenye dashibodi, muda umefika. Tatizo ni kwamba taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, na namba za kilomita zenyewe zinarudishwa nyuma na wajanja. Kwa hiyo gari likifika, mkanda na tenshena inayoukaza vibadilishwe, basi, bila ubishi. Ukikatika, pistoni zinagonga valvu. Petroli zote mbili za Hiace, 2.8 ya dizeli na YD25 ya Nissan zina cheni.

Lakini YD25 nayo isikudanganye kwa neno cheni. Cheni yake inalegea oili ikicheleweshwa. Ukisikia mchakacho wa chuma upande wa mbele wa injini wakati wa kuwasha, na haunyamazi baada ya sekunde chache, hiyo ni bei ya kujadiliana au sababu ya kuondoka. Dizeli zote hizi pia zina valvu ndogo ya kupimia mafuta kwenye pampu. Ikichafuka, gari linapumua likiwa limesimama, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, au linazima ghafla ukiachia mafuta. Maji kwenye dizeli ndiyo adui yake. Mafuta ya madumu yaepukwe, na filta ya dizeli imwagwe maji kila unapobadilisha oili.

Kisha kuna chujio la masizi kwenye ekzosi, lililofungwa kwenye dizeli nyingi za Japani kuanzia 2007 na kuendelea. Linajisafisha lenyewe kwa kuchoma masizi, na linahitaji joto la mwendo mrefu. Kifodi cha Kwa Mrombo kinachosimama kila mita 200 kutwa nzima hakifikishi joto hilo. Matokeo yake taa inawaka, nguvu inakatika, na wakati mwingine dizeli inashukia kwenye oili, kiwango kwenye kijiti kinapanda badala ya kushuka. Ukiona kijiti kimepanda, usifurahi. Mwaga oili hiyo. Dawa ya kawaida ni kulipeleka gari barabara kuu nusu saa bila kusimama, Arusha hadi njia panda ya KIA inatosha kabisa. Mafundi watakushauri ulikate. Ukilikata bila kurekebisha programu ya injini, gari litabaki na taa na moshi. Ukilitunza, tumia oili iliyoandikwa JASO DL-1 au ACEA C, kwa sababu oili ya kawaida ya dizeli inaacha majivu yasiyoungua ndani ya chujio.

Hiyo ndiyo sababu gari lilelile linaweza kuwa zuri kwa mtu mmoja na mzigo kwa jirani yake. Ruti za ndani ya mji, Njiro, Sakina, Moshono, au Pasua na KCMC kwa Moshi, ni za petroli ya 2.0. Haina tabo, haina chujio la masizi, injekta zake si za bei ya kutisha, na haipandi mlima wa kuiua. Plagi, koili, oili lita tano na nusu hivi, umemaliza. Njia ndefu, Karatu, Namanga, Same, Rombo, ni za dizeli.

Ya mafuta, hesabu ya kuanzia ni hii: petroli 2.0 ikiwa na mzigo, kilomita 8 kwa lita, petroli 2.7, kilomita 7, dizeli 3.0, kilomita 10. Kwa kilomita 200 kwa siku, petroli 2.0 inakunywa lita 25, dizeli lita 20. Kwa siku 26 za kazi, tofauti ni lita 130 kwa mwezi. Zidisha na bei elekezi ya mafuta inayotangazwa na EWURA ya mwezi huo, kisha uweke sehemu ya pesa hiyo pembeni kwa ajili ya injekta. Mwenye dizeli anayekula akiba yote ya mafuta anajikopesha mwenyewe. Tangi la Hiace ni lita 70, la Caravan 65.

Foo wili, gia na kushuka mlima

Foo wili ya Hiace inafanya kazi muda wote na haina gia nzito ya chini, kwa hiyo usiifananishe na Land Cruiser. Inasaidia kwenye utelezi wa wastani. Barabara za lango la Marangu na la Machame ni za lami, na gari la kawaida lenye tairi nzuri linafika. Anayepeleka wapagazi lango la Londorossi msimu wa mvua ndiye ana hoja ya kuilipia. Ila jua kwamba foo wili nyingi zimetoka maeneo ya theluji ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi. Juu inang'aa, chini imeliwa. Omba picha za chini ya gari: viungo vya springi za nyuma, mabomba ya breki na mabomba ya kipoza hewa ya nyuma.

Otomatiki au manyuo? Kwa foleni ya mjini dereva atakushukuru kwa otomatiki. Kwa kuajiri madereva wanaobadilika kila mwezi, manyuo ina klachi inayobadilishwa popote, wakati otomatiki iliyounguzwa oili yake ni gia boksi nzima. Tukishuka mlima, breki ya mbele ni diski na ya nyuma ni dramu kwa Hiace na Caravan. Kushuka kutoka Marangu kwa kukanyaga breki mfululizo kunazichemsha hadi pedali inakuwa laini. Dereva wa otomatiki aweke gia ya pili mapema, kabla ya mteremko. Huu ni usemi wa kila siku, na kila siku kuna wanaousahau.

Mlango wa kuvuta

Hii ndiyo sehemu inayofanya kazi kuliko zote kwenye gari la abiria, na ndiyo inayokaguliwa kidogo. Mlango unabebwa na roli tatu: ya juu, ya chini, na ya katikati inayopita kwenye reli ya nje ubavuni. Fungua mlango nusu, shika mpini, uinue juu. Ukicheza na kugonga, roli ya katikati au ya chini imekwisha. Halafu ufunge polepole ukitazama nyuma yake: ukishuka kabla ya kuingia kwenye komeo, komeo lenyewe litakuwa limelika upande mmoja. Roli ni kitu cha bei ndogo. Mlango ulioachwa ukining'inia unapinda reli, na reli ni sehemu ya bodi. Konda anayening'inia mlangoni anaongeza kilo 60 kwenye roli hizo kila kituo. Vumbi la Mbauda likichanganyika na grisi linakuwa msasa, hivyo futa reli kwanza, kisha upake grisi kidogo, si kinyume chake.

Spea na kuuza

Hapa ndipo Hiace inapolipa pesa iliyozidi. Gereji za Unga Limited zinajua 1KD na 1TR kwa kushika, na duka karibu lolote la spea Arusha au Moshi lina bushi, bolijointi, brekipedi, roli na filta zake. Ubaya wake ni feki nyingi. Brekipedi inayoisha kwa mwezi haina unafuu wowote.

Caravan inapata filta, pedi na shokamzoba bila shida. Vitu vya bodi na umeme, taa ya mbele, kioo cha pembeni, sensa, kompyuta ya injini, mara nyingi vinaagizwa Dar es Salaam vipandishwe basi, na gari linasubiri. Kwa mwenye gari moja linalolipa mkopo, siku mbili za kusubiri taa zina uzito. Kwa kampuni yenye magari matatu ya aina moja, la kuharibika linafunikwa na mengine.

Kwenye kuuza, Hiace ina mteja kabla hujabandika tangazo. Caravan ina mteja pia, ila atakuja na bei yake.

Toyota Noah haiko kwenye ulinganisho huu; ni gari la familia linalofanyishwa kazi. Anayetaka zaidi ya abiria 14 kihalali aangalie Coaster, ambayo ni mfuko mwingine na leseni nyingine ya dereva. Hiace mpya ya 2019 yenye pua mbele, injini ikiwa imetoka chini ya viti, ni nzuri na salama zaidi mbele, ila bei yake bado ni ya mashirika.

Nani achukue ipi

Kifodi cha ndani ya mji: Hiace nyembamba, TRH200, manyuo, viti vilivyofungwa hadi kwenye mihimili. Arusha hadi Moshi, au Moshi hadi Rombo: Commuter KDH223, na usihesabu faida kabla ya kutenga pesa ya injekta na mkanda. Kampuni ya watalii inayopokea wageni KIA: Hiace pana ya GL ya petroli 2.7, kwa sababu mgeni analipia bega na kipoza hewa, na safari za uwanja wa ndege si nyingi za kutisha kwa mafuta. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi au mboga za jumla, anayeendesha mwenyewe na kulitunza: Caravan VW2E26. Inavuta kuliko zote, sakafu yake ni ndefu, na bei ya kununulia ni ya chini kuliko Hiace ya mwaka huohuo. Huyo ndiye pekee ambaye ningemsukuma waziwazi kuelekea Nissan.

Kwenye karatasi ya mnada wa Japani, inayoeleza hali ya gari, daraja la 4 au 3.5 linatosha kwa gari la kazi. R au RA ni gari lililowahi kugongwa na kurekebishwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni pale palipopigwa rangi upya, S ni kutu, na C ni kutu iliyokula bati. Gari lenye A kila mahali ni gari lililofanya kazi. Gari lenye C moja kwenye kizingiti cha mlango ni la kuachwa. Ushuru upige mwenyewe kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kulipa muuzaji, ukiingiza aina, mwaka na ukubwa wa injini hasa ya gari hilo, kwa sababu Commuter na DX za mwaka mmoja hazitoki sawa.

Gari likitoka bandarini, usilipandishe Arusha likiwa na oili ya Japani. Ni zaidi ya kilomita 600 zenye joto la Chalinze na Korogwe, na limekaa melini na yadi miezi. Dar es Salaam hapohapo badilisha oili na filta zake, mwaga maji kwenye filta ya dizeli, pima upepo wa tairi tano, ya akiba ikiwemo, na usome tarehe ubavuni mwa kila moja: tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zenye umri wa miaka sita na kuendelea zibaki hukohuko.